Mama Bawaba na Mlango Uliokataa Kuzama

Katika mji aliozaliwa Mama Bawaba, mtu akikualika kwake hakuelekezi mlango. Anakuelekeza dirisha. "Njoo dirisha la kushoto," anakuambia, "lile lenye pazia la bluu. Tanguliza mguu wa kulia, na ukimwangukia mama mkwe wangu usiseme sikukuonya."

Ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu mji ule ulikuwa unazama. Ulianza kuzama kabla hajazaliwa babu wa mtu yeyote unayeweza kumkuta hai. Waanzilishi walitoka mbali na mizigo yao, wakafika kwenye bonde lenye udongo laini kama uji wa mgonjwa, na hapo hapo wakaanza kujenga kwa mawe. Kwa nini pale? Kila ukoo ulikuwa na maelezo yake. Ukoo wa Mama Bawaba ulisema wazee walikuwa wamechoka kutembea, basi, na hajatokea mtu mwenye sababu nzuri kuliko hiyo.

Tena haukuzama kidogo kidogo. Kiangazi chote ulitulia tuli, ungedhani umeacha tabia yake. Kisha inanyesha mvua kubwa ya kwanza, udongo unalewa, na mji mzima, nyumba, visima, barabara na kuku waliomo, unashuka kwa mkupuo mmoja kama ngamia anayepiga magoti. Wenyewe waliliita Goti. Baada ya Goti matope ya mashamba ya ukingoni yaliingia taratibu yakajaza barabara, na chumba cha chini kikageuka shimo la giza la kuwekea magunia. Miaka mingi Goti lilikuwa dogo, la kuvunja vikombe na kuzamisha nyumba mbili tatu tu. Ila mara moja katika umri wa mtu lilikuja Goti kubwa, na hilo lilimeza ghorofa nzima. Watu wakajenga ghorofa nyingine juu, wakaendelea kugombana na majirani kama kawaida.

Ulikuwa na uzuri wake mji huo, uzuri wa mzee aliyekuwa mtanashati enzi zake. Taa za barabarani zilikuwa zimezikwa mpaka shingoni, kwa hiyo giza likiingia ziliwaka usawa wa magoti na kumulika viatu, na wenyeji walitambuana kwa viatu kabla ya sura. Sanamu ya mwanzilishi ilibaki kofia tu, na fundi viatu aliikalia kofia hiyo akifanya kazi zake, akisema ndicho kiti kilichomkaa vizuri kuliko vyote. Madaraja ya mawe yalivuka mito ambayo haikuwepo tena. Na ukitaka kutoka mjini ulipanda mlima ambao hakuna aliyeuweka pale. Ni mji tu uliokwenda chini ukauacha.

Ofisi nazo hazikukosekana. Kulikuwa na Mahakama ya Kuta, iliyoamua ugomvi wa majirani wanaotumia ukuta mmoja. Hakimu alihama zamani, lakini karani alifungua kila asubuhi, akafuta vumbi, akaita "Kesi ya kwanza!" kisha akanyamaza kwa heshima. Kulikuwa na Kikosi cha Zimamoto kilichobaki na ndoo na filimbi. Juu ya zote lilikuwepo Baraza la Mji. Zamani madiwani walijaa ukumbini mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Sasa walitosha benchi moja, na nusu ya benchi ilikuwa inasinzia.

Kazi ya Mama Bawaba ilikuwa kupandisha milango. Nyumba ikimezwa ghorofa ya chini, dirisha la juu ndilo linalokuwa usawa wa barabara. Basi yeye anakuja na msumeno na patasi, anapanua dirisha, anasimamisha miimo mipya, anaung'oa mlango kule chini kabla matope hayajaukumbatia, na mlango ule ule unapandishwa mahali papya. Mlango ule ule, si mwingine. Watu wa pale waliamini nyumba inaweza kubadilisha paa, kuta, hata wenyewe, lakini ikibadilisha mlango ni nyumba nyingine. Na mlango haukupandishwa na fundi peke yake. Majirani walikuja wakauweka mabegani, wakauzungusha mtaa mzima wakiimba, ukapita bila kugusa ardhi, na mwenye nyumba akaingia wa mwisho baada ya kila mtu kuufungua na kuufunga na kutoa maoni yake.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Kumbukumbu yake ya kwanza duniani ilikuwa mlango unaotembea: amekaa mgongoni mwa mama, chini miguu ya watu imejipanga kama ya tandu, juu ubao mweusi unakwenda wenyewe. Alipokua akawa na mkono hodari kuliko mama. Hata mume alimpata kazini. Kijana mmoja alizibiwa ndani na Goti, dirisha limebana, na yeye alipolipasua kuingiza miimo akamkuta amekaa kitandani anakula karanga.

"Umechelewa," kijana alimwambia.

"Karibu nje," akajibu yeye.

Mpaka anafariki, marehemu alipenda kuwaambia watu kwamba wanaume wengine huoa, yeye alifunguliwa.

Alipofariki marehemu, Mama Bawaba alibaki nyumbani na wifi yake, dada wa marehemu, dobi mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua likizo. Watoto walihamia mji wa juu, kule kwenye ardhi ngumu, na walipokuja kusalimia walitembea kwa kunyata kama watu walio chumba cha mgonjwa. Familia nyingine zilifanya hivyo hivyo. Kila Goti likija, mabega yalipungua. Watu waliobaki walianza kuona aibu kuwaita majirani watatu wazee kuja kubeba mlango wa mninga, wakaacha. Wakawa wanaingia madirishani. Mwanzo walisema ni kwa muda. Kisha wakaweka mapazia.

Mama Bawaba alipita mitaani na begi lake la vyuma, akaona madirisha yana mikeka ya kufutia miguu. Jambo hilo lilimuuma kama jino.

Mwaka ule dalili zilikuwa mbaya. Maji ya visima yalishuka kabla ya wakati. Kuta zilivuma mchana kama mtu anayewaza kwa sauti. Wazee walijua: Goti kubwa linakuja. Na Msimamizi wa Vizingiti, afisa mrefu mwembamba aliyetembea na fimbo ya kupimia, alikuja karakana kwa Mama Bawaba, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hapo, hapo pana gundi."

Alikuwa ameshakaa. Akabaki pale pale kwa kuwa hakuwa na jinsi.

"Nimetumwa," alisema. "Mlango wa Ukumbi, matope yamefika kwenye komeo. Tumechimba, yanarudi. Goti hili likija utafunikwa wote. Na sheria unaijua."

Aliijua. Kila mtu aliijua. Baada ya mvua ya kwanza Baraza hufungua msimu, na madiwani lazima waingie kwa Mlango wa Ukumbi, si dirishani, si paani. Mlango usipofunguka Baraza halikai. Baraza lisipokaa hakuna mji. Pale panakuwa bonde lenye mawe, na wakazi wote wanahamishwa.

"Ikifika hapo," Msimamizi aliendelea huku akiitazama fimbo yake, "kila familia itachukua mlango wake iende nao. Itabidi mtu aing'oe. Milango yote ya mji. Ofisi imeona wewe ndiye..."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayejua bawaba zilipo, mama."

Mama Bawaba aliweka randa chini. Milango ile alikuwa ameipandisha yeye, na ambayo hakuipandisha yeye aliipandisha mama yake. Sasa aizungukie mmoja mmoja aishushe, kama mtu anayefunga macho ya maiti mtaa mzima?

"Waambie ofisi," alisema, "siku nitakayogusa bawaba kushusha, nitaanza na zangu za magoti. Mlango wa Ukumbi nitaupandisha mimi."

"Unahitaji mabega ya mji mzima."

"Basi nitauita mji mzima. Inuka taratibu, suruali isibaki hapo."

Ukumbi ulisimama mbele ya uwanja, jengo la mawe ya kijivu lenye roshani juu ya mlango, ambako msoma matangazo alikuwa anasomea matangazo. Roshani hiyo ndiyo ingekuwa mlango mpya. Mama Bawaba alipanda, akabomoa ukingo wake, akapanua tundu, akasimamisha miimo mipya na kuipaka mafuta mpaka ikang'aa. Kazi safi kabisa. Lakini huko chini mlango wenyewe ulisubiri, mweusi, mnene, umefungwa mikanda ya chuma, mkubwa kama ukuta wa nyumba. Mara ya mwisho kupandishwa, mama yake alikuwa bado tumboni mwa bibi.

Siku ya kuupandisha alipiga filimbi aliyoazima Zimamoto. Walikuja watu. Alikuja mwoka mikate na wanawe wawili, fundi viatu aliacha kofia ya mwanzilishi akaja, karani wa Mahakama ya Kuta aliahirisha kesi ambazo hazikuwepo, wakaja na wengine wa kujaza ngazi ya mbele tu. Mitaa mizima haikuleta mtu. Walichungulia madirishani.

Waliingiza mitaimbo, wakaingiza mabega, Mama Bawaba akahesabu, wakainua. Mlango haukujua kama kuna watu. Wakainua tena. Mwoka mikate alitoa macho kama mjusi aliyebanwa, kisha akakaa chini na kutangaza kwamba kitu fulani mgongoni kimehama. Kutoka dirisha moja mtu akapaza sauti:

"Jaribuni kubisha hodi! Labda utafunguliwa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kibaya zaidi hata waliokuwa wanainua walicheka. Watu wakatawanyika wakipangusa matope. Mama Bawaba alibaki ameegemeza paji la uso kwenye ule ubao mweusi. Harufu yake ilikuwa harufu ya mama yake anaporudi kazini.

Nyumbani alikuta wifi amekunja uso kuliko yeye.

"Umenichafulia shuka zangu," wifi alimpokea. "Nimeanika zimekauka, nyie mnarusha matope kama vyura."

Wifi alianika nguo zake uwanjani, kwenye kamba aliyoifunga kati ya Nguzo Mbili. Hizo zilikuwa nguzo za mawe zilizosimama kulia na kushoto mwa Mlango wa Ukumbi, hazijabeba chochote. Hakuna aliyejua ziliwekwa za nini. Watoto waliambiwa zinakua kwa kunywa mvua, na kweli kila baada ya Goti zilionekana zimeongezeka kimo. Wakubwa walijua kwamba zimesimama juu ya mwamba, zenyewe hazizami. Ni wao wanaoshuka. Lakini jambo hilo halikumsaidia mtu ila dobi.

"Leo usinianze, wifi," Mama Bawaba alisema. "Nimechoka."

"Uchoke kwa kipi, na mlango uko pale pale? Ningekuwa mimi ningejificha." Wifi alimsogezea sahani, maana matusi yake yalikwenda na chakula. "Tangu uolewe na kaka yangu unahangaika, pandisha mlango, pandisha mlango. Mlango umekukosea nini? Nyumba ndiyo inayoshuka! Ungeuacha mlango ulipo, nyumba si ingepita yenyewe ikaenda zake?"

Mama Bawaba aliacha kutafuna.

"Rudia."

"Nirudie nini? Nimeshakutukana mara moja, inatosha kwa leo."

"Wifi. Rudia hapo pa kuuacha mlango."

Wifi alimtazama kwa wasiwasi. "Nimesema uuache. Nyumba ishuke, wewe kaa na mlango wako. Umepatwa na nini? Kula basi, unanitisha."

Lakini Mama Bawaba alikuwa ameshainuka na tonge mkononi, yuko dirishani, anazitazama Nguzo Mbili na shuka zilizokuwa zinapepea kati yake. Alianza kucheka peke yake. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kamba yangu haiguswi," wifi alisema papo hapo. Alimjua.

Siku iliyofuata alisimama mbele ya benchi la Baraza, kwenye chumba cha pembeni walimokutana kwa muda, akaeleza. Watautoa mlango kwenye bawaba zake. Watausogeza mbele kidogo, upishane na ukuta. Watalaza boriti kati ya nguzo mbili, na mlango utaning'inizwa kwenye boriti kwa minyororo. Kisha hawatafanya lolote. Watangoja. Goti likija Ukumbi utashuka, mlango utabaki hewani, na miimo ya roshani itakuja yenyewe mpaka usawa wake.

"Kwa hiyo," diwani mmoja alisema polepole, "hatupandishi mlango. Tunashusha jengo."

"Jengo linajishusha, mheshimiwa. Sisi tunaacha kwenda nalo."

Msimamizi wa Vizingiti alisafisha koo. "Kuna tatizo. Mlango wa Ukumbi hauruhusiwi kutoka kwenye bawaba mpaka kila mtaa uwe umetia mkono. Sioni mitaa hapa. Namwona mama mmoja na dobi."

"Dobi ni mtaa mzima," wifi alisema kutoka nyuma.

Mwenyekiti, ambaye wengi walidhani amelala, alifumbua jicho. Alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko mtu yeyote mjini, na alipozungumza hata wanaosinzia waliamka.

"Mlango huu ulipopandishwa mara ya mwisho nilikuwa mtoto," alisema. "Nimewekwa begani kwa baba yangu. Nakumbuka nyimbo. Nakumbuka mvua. Tangu jana najaribu kumkumbuka mtu anayetokwa jasho, na simkumbuki." Alifumbua jicho la pili. "Mpeni minyororo. Habari ya mitaa tutaona siku yenyewe."

Walifanya kazi siku kadhaa, jua kali, mbingu nyeupe. Mama Bawaba alipanda kwenye nguzo ya kwanza akakuta kando yake kuna tundu la mstatili, na kwenye ya pili tundu mwenzake. Kila mtu aliyajua, njiwa walitaga humo. Aliingiza boriti, ikaingia. Labda matundu yalichongwa kwa ajili hiyo. Labda yalichongwa kwa ajili ya njiwa. Hakuwa na muda wa kuuliza mawe. Alifunga minyororo, akagonga bawaba kuu zikatoka zikilia, na kwa mitaimbo mlango ukasogezwa mbele upana wa kiganja. Chini bado ulikuwa umeshikwa na matope. Minyororo ilikuwa imekaza kidogo tu, kama watu wawili wanaoshikana mikono kabla ya kujuana.

Kamba ya wifi iliguswa. Ilibidi ihamishiwe kwenye boriti yenyewe. Wifi alikubali baada ya kusema maneno ambayo mwoka mikate aliwaziba wanawe masikio wasiyasikie.

Mvua ilikuja asubuhi, watu wanakunywa chai. Ilianza kwa matone mazito, kisha ikamwagika kama mtu amepindua sinia. Kuta zikaacha kuvuma. Kimya hicho ndicho kilichowatoa watu majumbani. Wote walijua maana yake. Walitoka madirishani na watoto, na kuku, na masufuria waliyoyawahi, wakakimbilia uwanjani, kwa kuwa pale hakuna kitu cha kukuangukia. Mji mzima ukawa uwanjani umelowa chepechepe. Hata yule wa kubisha hodi alikuwepo, na mto wa kulalia kichwani.

Mama Bawaba alisimama kando ya mlango na nyundo kiunoni.

Kisha mji ukapiga goti.

Haukupiga kelele kubwa. Ulitoa sauti kama ya mtu mnene anayekaa kwenye kochi, tumbo la kila mmoja likabaki juu kidogo, na ardhi ikaondoka. Iliondoka, ikaendelea kuondoka. Watu walikaa chini bila kupenda. Na Mama Bawaba, akiwa ameshikilia nguzo, aliona kitu ambacho hakuna fundi wa ukoo wake aliyewahi kusimulia: Mlango wa Ukumbi ulitoka kwenye matope. Ulichomoka kama jino, komeo kwanza, kisha mkanda wa chini, kisha ncha yenyewe inayodondosha tope, ukabaki unaning'inia angani kati ya Nguzo Mbili huku Ukumbi unateremka nyuma yake kama mtu anayeshuka ngazi.

"Umebaki!" alipiga ukelele. "Jamani, umebaki!"

Furaha hiyo haikumaliza pumzi moja. Mlango ulipoachwa na matope ulianza kuyumba. Taratibu kwanza. Kisha ukageuka upande, mzito vile, ukaenda mbele, ukarudi, na kona yake ikapiga ukuta wa Ukumbi vipande vya mawe vikaruka. Boriti ililia. Mapigo mengine ya namna hiyo, na ama mlango ungevunja miimo mipya ama boriti ingekatika na mlango ukashukia vichwa vya watu.

"Kamba!" Mama Bawaba aliita. "Nani ana kamba?"

Wifi alikuwa ameshakata yake, kipande kirefu kilichoning'inia chini. Shuka karibu zote zikaanguka matopeni na hakuzitazama. Alirusha ncha moja ikapita kwenye pete ya mkanda wa chuma, akaivuta kwa ile mikono ya kufulia, mlango ukamburuza kama mbuzi anavyomburuza mtoto asiyemweza.

"Mnatazama nini, nyie!" alifoka. "Mnangoja nife ndipo mje mazishini? Shikeni!"

Mwoka mikate akashika, na mgongo wake uliohama. Karani akashika. Zimamoto wakaleta kamba za ndoo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka walikimbilia kitu. Watu wa mtaa wa juu wakashika kamba ya kulia, wa visimani ya kushoto, wa daraja kavu wakashika nyuma. Yule wa kubisha hodi aliutupa mto, akashika mbele kabisa, uso kwa uso na mlango. Msimamizi wa Vizingiti alitazama fimbo yake ya kupimia, akaichomeka kwenye tope, akashika naye.

"Msivute!" Mama Bawaba alikuwa juu ya ngazi, sauti imekauka. "Msiuinue! Hauhitaji kuinuliwa! Ushikeni tu utulie, kama mnavyomshika mgonjwa asianguke kitandani. Kulia, legeza. Kushoto, kaza. Hapo. Hapo hapo, watoto wangu."

Mlango ulitulia. Mwenyekiti alikuwa amekalishwa kwenye kiti mvuani, amefunikwa shuka mojawapo ya wifi, na kwa sauti nyembamba akaanza kuimba wimbo wa kubebea milango. Maneno aliyakosea. Waliokuwa na umri waliyarekebisha, waliokuwa hawana waliitikia tu. Mji mzima uliimba umeshika kamba. Ukumbi ulishuka kiasi cha mkono mmoja wa mwisho, ukasita, ukatulia, na miimo mipya ya roshani ikasimama nyuma ya mlango, sawa kabisa, imeng'aa kwa mafuta na mvua.

"Sasa sukumeni. Taratibu. Kama mnaingiza mtoto kitandani."

Mlango ukaingia kwenye nafasi yake. Aliingiza chuma cha bawaba ya kwanza, akapiga nyundo. Cha pili. Cha mwisho kilikataa, akakitukana kwa jina la marehemu mumewe, kikaingia. Akafungua minyororo na kushuka. Zimamoto wakaegemeza ngazi pana mpaka kwenye kizingiti, kwa kuwa matope ya mashamba yalikuwa bado njiani kuja kujaza uwanja.

"Msimamizi," alisema. "Pima."

Msimamizi alichomoa fimbo yake. Akapanda, akainama, akapima. Akapima tena, ingawa hakuna aliyemwomba. Alipogeuka uso wote ulikuwa maji, na si yote ya mvua.

"Kizingiti kiko juu ya ardhi," alitangaza. Kisha akatazama kamba na mikono iliyokuwa bado imezishika. "Na mitaa... mitaa yote imetia mkono."

Makelele yaliyopigwa yaliwaondoa njiwa wote mjini. Mwoka mikate alimkumbatia karani. Watu walimbeba Mama Bawaba juu juu, akipinga, akisema yeye si mlango, wakamzungusha uwanja bila miguu yake kugusa ardhi, mpaka wifi akawaambia wamshushe kabla hajatapika.

Mwenyekiti alipelekwa mbele. Aliweka kiganja kwenye ubao mweusi, akausukuma. Mlango mkubwa wa Ukumbi ulifunguka bila kelele hata kidogo. Akaingia, na madiwani nyuma yake, na kwa kuwa hakuna aliyesema wasiingie, mji wote ukafuata. Na hapo likatokea jambo lililosimuliwa miaka mingi. Kila mmoja alipofika kizingitini aliinua mguu juu kabisa, kama anayeruka kitu, kisha akautua kwa mshangao. Diwani, dobi, karani, wote. Walikuwa wamezoea madirisha kiasi kwamba miguu yao haikuamini kuwa hapa ni kupita tu. Mama Bawaba aliingia wa mwisho, kama mwenye nyumba, na hakuinua mguu.

Baraza lilikaa. Lilikaa siku hiyo kwa kelele ambazo ukumbi ule haukuwa umezisikia kwa kizazi kizima, kwa kuwa kila mtu alikuwa na la kusema. Yule wa kubisha hodi alisimama wa kwanza, nywele zinadondosha maji.

"Mimi naomba jambo dogo," alisema bila kumtazama Mama Bawaba usoni. "Mlango wangu uko chini, umeegemea magunia. Kama mabega yapo... kesho, au siku yoyote."

"Na wangu," akasema mwingine.

"Na sisi, mtaa mzima."

Mama Bawaba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, nyundo magotini. Alisikia mitaa ikitajwa mmoja baada ya mwingine, mingine ambayo hakuwa ameitwa huko tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa amepangiwa kuizungukia milango hiyo aing'oe. Sasa angeizungukia yote kuipandisha, na safari hii asingeimba peke yake.

"Foleni," alisema. "Mpange foleni. Na kila mwenye mlango alete chai."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Wifi alikuwa ametoka tena, amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, ameinua shingo. Mabaki ya kamba yake yalikuwa bado yamefungwa kwenye boriti, na boriti sasa ilikuwa juu kabisa, mbali kuliko ngazi yoyote ya mjini. Katika kamba hiyo, ikipepea kwa madaha juu ya uwanja na Ukumbi na vichwa vya watu wote, ilining'inia shuka moja iliyobaki, nyeupe pe.

"Wifi!" aliita. "Wifi wee! Mlango umeupandisha, sawa, tumeshangilia. Sasa shuka yangu je?"

"Iache ilipo," Mama Bawaba alikuja kizingitini akamjibu. "Si wewe uliyesema vitu viachwe vilipo?"

Ukumbi mzima ulisikia. Kicheko kilitokea mlangoni safari hii, si dirishani, kikamwagika mpaka barabarani. Shuka ile haikushushwa tena. Waliokuja kutoka mji wa juu kusalimia ndugu zao waliiona kwanza kabla hawajauona mji, wakauliza ni bendera ya nini. Waliambiwa ni ya dobi. Na wengi wao, walipofika chini na kukuta milango inabebwa mitaani, waliweka mizigo yao pembeni wakaingiza bega.